Kabla Hujatia Saini: Namna ya Kupiga Hesabu ya Fidia ya Kuumia Ukiwa Qalhat na Sur

Leo hatuzungumzii kutuma pesa wala kulinganisha maduka ya sarafu. Tunazungumzia pesa ambayo watu wetu wengi hawaijui thamani yake mpaka imeshawapita: fidia ya kuumia.

Mambo huenda hivi. Mtu ameumia, yuko kitandani, hajalipwa mwezi mzima na nyumbani wanapiga simu. Mandubu wa kampuni anakuja na karatasi ya Kiarabu na bahasha. "Kaka, hapa kuna riali mia saba, tia saini, tumalize, ukapumzike kwenu." Mtu anapiga mia saba kwa shilingi, anaona ni hela nyingi, anatia saini. Mwaka mmoja baadaye yuko kijijini, mguu haukunji, chuma bado kimo ndani ya mfupa, na karatasi ile inasema hana dai lolote kwa yeyote.

Swali tunaloulizwa kila mara ni hili: "Jamani, mia saba ni nyingi au kidogo?" Hakuna anayeweza kujibu mpaka hesabu ipigwe. Kwa hiyo somo la leo ni kuipiga hiyo hesabu, wewe mwenyewe, kwa kalamu na ukurasa mmoja wa daftari. Haitakupa namba ambayo hakimu ataitamka. Itakupa namba ya kukuzuia usidanganyike.

Hatua ya kwanza: jua unamdai nani

Qalhat ni kijiji kidogo, lakini kazi zake ni za hatari. Kuna mtambo wa gesi, kuna mafundi na vibarua wa kandarasi, na kuna barabara kubwa ya pwani inayotoka Muscat kupitia Quriyat na Tiwi kwenda Sur, ambako malori na magari madogo yanapita mbio mchana na usiku. Kabla ya kusema "nataka fidia", jiulize ajali yako imeingia mlango gani.

Mlango wa kwanza ni wa kazini. Umeumia ukiwa kazini, kwa kazi ya mwajiri. Hapo unazungumza na kampuni, bima yake ya wafanyakazi, na Wizara ya Kazi.

Mlango wa pili ni wa barabarani. Umegongwa na gari. Omani, kila gari lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na bima hiyo ndiyo inayolipa watu wengine walioumizwa na gari. Hapo unazungumza na kampuni ya bima ya gari lililokugonga, ukiwa na ripoti ya polisi. Anayesimamia kampuni za bima ni Mamlaka ya Huduma za Kifedha, na bima ikikuzungusha unaweza kupeleka malalamiko huko.

Mlango wa tatu ni wa kosa la mtu. Mtu amekuumiza kwa uzembe au kwa makusudi, ndani ya nyumba au nje. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Omani, ya mwaka 2013, inasema aliyemdhuru mwenzake anawajibika kufidia, na fidia inapimwa kwa madhara yaliyotokea na kipato kilichopotea kwa sababu ya madhara hayo. Sheria hiyo haiulizi kama wewe ni mjenzi, dada wa nyumbani au mhasibu.

Angalia sasa: ajali moja inaweza kufungua milango miwili. Kibarua anayepanga koni barabarani akagongwa na lori la kampuni nyingine ameumia kazini, na pia amegongwa na gari lenye bima. Mandubu wa kampuni yako anakuja na karatasi ya mlango mmoja, lakini maneno yake yanaweza kufunga yote miwili. Ndiyo maana swali la kwanza siyo "shilingi ngapi", ni "nani na nani wanahusika?"

Hatua ya pili: toa kwanza haki ambazo si fidia

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Ile bahasha ya mia saba, ukiifungua vizuri, ndani yake mna hela ambazo zilikuwa zako hata usingeumia.

Tuchukue mfano na tuushike mpaka mwisho. Fundi nondo, kijana wetu, alianza kazi baada ya Julai 2023 na amefikisha miaka mitatu. Mshahara wa msingi ni riali 120, na posho inafikisha 150 kwa mwezi. Amegongwa na lori akiwa kazini kando ya barabara. Amepoteza kidole kimoja cha mkono na mguu umevunjika. Kampuni inampa 700 "kumaliza kila kitu".

Kwa Sheria ya Kazi ya 2023, anapoondoka anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Miaka mitatu mara 120 ni 360. Mshahara wa mwezi wa mwisho ambao hajalipwa ni 150. Tiketi ya kurudi kwao, tuseme 70. Jumla 580.

700 toa 580 inabaki 120. Yaani kidole na mguu vimenunuliwa kwa riali 120. Na bado hatujagusa siku za likizo ambazo hakuzichukua.

Kwa hiyo chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika "haki za kazi": mshahara uliobaki, kiinua mgongo, likizo, tiketi. Upande wa kulia andika "fidia ya kuumia". Usikubali mtu azichanganye. Akisema anatoa jumla, mwambie kwa adabu: "Naomba mniandikie kila kitu kwenye mstari wake."

Hatua ya tatu: mafungu ya fidia

Upande wa kulia una mafungu manne. Yaandike hivyo hivyo.

1. Hela iliyokwishatoka. Dawa, hospitali, teksi ya kwenda na kurudi Sur, magongo, tafsiri ya karatasi. Hii inataka risiti. Isiyo na risiti iandike kando, lakini usiitegemee sana.

2. Mshahara uliopotea ukiwa huwezi kufanya kazi. Sheria ya Kazi ya 2023 imeweka ngazi za malipo ya likizo ya ugonjwa: siku 21 za kwanza mshahara kamili, siku ya 22 hadi 35 robo tatu, siku ya 36 hadi 70 nusu, siku ya 71 hadi 182 asilimia 35. Aliyeumia kazini anaweza kuwa na haki zaidi ya hizi, lakini ngazi hizi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Fundi wetu alikaa siku 90. Kwa siku ni riali 5. Siku 21 hakupoteza kitu. Siku 14 zilizofuata alipoteza 1.25 kwa siku, jumla 17.5. Siku 35 za nusu alipoteza 2.5 kwa siku, jumla 87.5. Siku 20 za mwisho alipoteza 3.25 kwa siku, jumla 65. Ukijumlisha unapata 170. Kama kampuni haikumlipa chochote siku hizo zote, basi ile ambayo ilipaswa kulipwa inaenda upande wa kushoto, kwenye haki za kazi, na hii 170 inabaki kulia.

3. Mwili wenyewe. Hili ndilo fungu kubwa, na ndilo ambalo halimo kwenye bahasha. Tutalieleza peke yake hapa chini.

4. Gharama na hasara za mbele. Operesheni ya kutoa vyuma, mazoezi ya viungo, na kipato kitakachopungua kwa sababu huwezi tena kazi uliyokuwa ukiifanya.

Mwili una bei yake kisheria: diya na arshi

Wengi wetu tumekulia pwani, neno diya tunalijua: malipo ya damu pale mtu anapouawa kwa bahati mbaya. Omani, amri ya Sultani namba 118 ya mwaka 2008 iliweka diya kuwa riali 15,000. Amri hiyo ilimweka mwanamke sawa na mwanamume.

Mtu asipokufa lakini akapoteza kiungo, kuna arshi, yaani sehemu ya diya. Msingi wake ni mizani ya fiqhi ambayo haijabadilika kwa karne nyingi:

- Kiungo ambacho mtu anacho kimoja tu, kama ulimi au pua: diya nzima.
- Kiungo ambacho viko viwili, kama jicho, mkono au mguu: nusu ya diya kwa kila kimoja.
- Kidole: sehemu moja ya kumi.
- Jino: nusu ya sehemu ya kumi.

Ukiweka 15,000 kwenye mizani hiyo, mkono au mguu mmoja unafika 7,500, kidole 1,500, jino 750.

Na majeraha ambayo hayamo kwenye mizani, kama mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, au ngozi iliyoungua? Hayo yana njia inayoitwa hukumat adli, maana yake makadirio ya uadilifu. Hakimu anatazama ripoti ya daktari: kiungo kimepungua nguvu kiasi gani? Daktari akiandika kwamba mguu umepoteza asilimia 10 ya kazi yake, unaweza kukadiria asilimia 10 ya 7,500, ambayo ni 750. Hakimu ndiye mwenye neno la mwisho, lakini wewe sasa una pa kuanzia.

Tafadhali someni jambo hili mara mbili: diya na arshi hazitazami mshahara. Dada anayelipwa riali 90 kwa kuosha na kupika, na injinia anayelipwa 1,500, kidole chao kina hesabu moja. Mtu akikwambia "wewe mshahara wako mdogo, fidia yako ndogo", anachanganya fungu la pili na fungu la tatu. Mshahara unaingia kwenye kipato kilichopotea. Mwili hauna mshahara.

Sasa tujumlishe

Ukurasa wa fundi wetu, upande wa kulia, unasomeka hivi. Bei za hospitali na teksi ni za mfano. Wewe weka zako.

- Risiti za dawa na teksi: 85
- Mshahara uliopotea siku 90: 170
- Kidole kimoja: 1,500
- Mguu, asilimia 10: 750
- Operesheni ya kutoa vyuma, kwa makadirio ya maandishi ya hospitali: 350

Jumla: riali 2,855.

Kuna mstari mmoja zaidi. Hawezi tena kubeba nondo. Amepata kazi nyepesi ya riali 110 badala ya 150. Anapoteza 40 kwa mwezi, na miaka miwili ni 960. Ukiuongeza unafika 3,815. Lakini mstari huu uandike kwa penseli. Mahakama inaweza kuona kwamba arshi ya kiungo imeshalipa sehemu ya hasara hiyo, na si kila fungu linajumlishwa juu ya lingine. Kwa hiyo una namba mbili: ya chini 2,855, ya juu 3,815. Ukweli utakuwa mahali fulani hapo, au chini kidogo.

Chini kwa nini? Kwa sababu ya kosa lako mwenyewe. Kama ulivuka barabara bila kuangalia, au hukuvaa fulana ya kung'aa uliyopewa, upande wa pili utasema umechangia ajali, na hakimu anaweza kupunguza. Jiulize bila kujionea huruma. Tuseme mchango wa fundi wetu ni asilimia 20. Asilimia 80 ya 2,855 ni 2,284.

Kutoka mia saba ya bahasha, ambayo ndani yake fidia ilikuwa 120, tumefika riali 2,284. Na riali moja ni kama dola 2.60, bei ambayo imefungwa na dola kwa miaka mingi. Hiyo siyo hela ya kusaini ukiwa na dawa za usingizi.

Thamani ni moja, bei ya kukubali ni nyingine

Hapa tunataka kuwa wakweli, maana wengine wataondoka hapa wakiwa na hasira na kukataa kila kitu. Kesi ina gharama zake.

Wakili atataka chake. Tuseme mmekubaliana asilimia 10: 2,284 toa 228 inabaki 2,056. Kesi inaweza kuchukua miezi. Ukibaki Omani bila kazi, chakula na chumba ni hela. Tuseme 40 kwa mwezi kwa miezi kumi: 400. Inabaki 1,656.

Basi 1,656 ndiyo namba ya fundi wetu ya kukubali. Bima ikija leo na 1,700 mkononi, kwa fidia peke yake, haki za kazi zikiwa kando, anaweza kuchukua na kumshukuru Mungu. Ikija na 600, asikubali. Ikija na 1,400, hapo azungumze, arudishe hesabu yake mezani mstari kwa mstari, bila kelele.

Kuna njia ya kupunguza ile 400. Kabla ya kuondoka Omani unaweza kumpa wakili wakala wa maandishi mbele ya katibu wa adli, yaani mthibitishaji wa serikali, ukarudi nyumbani na kesi ikaendelea. Lakini wakala usome. Uandikwe kwamba wakili anaweza kudai na kufuatilia, na pesa ziingie kwenye akaunti yako, kwa jina lako. Wakala unaoruhusu mtu "kusamehe na kupokea" bila kukuuliza ni sawa na kumpa funguo za nyumba.

Dada zetu wa majumbani

Nyinyi hesabu ni ileile, lakini mlango unatofautiana. Kazi za nyumbani zina kanuni zake za Wizara. Hazisimami kwenye Sheria ya Kazi moja kwa moja kama za fundi wa saiti. Hata hivyo mkataba wa kazi ya nyumbani unamtaka mwajiri atoe matibabu, na hilo halingoji hakimu.

Tuseme dada ameungua mkono kwa mafuta ya moto kwa sababu mpira wa gesi ulikuwa umechakaa na alikwishamwambia mama mwenye nyumba. Hapo kuna kosa la mtu, na mlango wa tatu uko wazi. Ujumbe wa simu aliomwandikia mama, "Mama, mpira wa gesi unavuja", una thamani kuliko mashahidi watatu. Akiwa ameteleza tu kwenye ngazi kavu, hakuna aliyekosea, fungu la mwili ni gumu kulipata. Lakini matibabu, mshahara wake wa mwezi na tiketi bado ni vya kudai.

Kuungua hakumo kwenye mizani ya vidole na macho, kwa hiyo kila kitu kinategemea ripoti ya daktari: kina cha jeraha, ukubwa wake, na kama mkono unakunjika. Dada, usikubali kutibiwa nyumbani kwa dawa ya meno na asali peke yake. Mbali na afya yako, pasipo hospitali hapana karatasi, na pasipo karatasi hesabu yako yote ni maneno. Kama hutolewi nje kwenda kutibiwa, piga 9999, ni namba ya polisi na dharura, au wasiliana na ubalozi wako Muscat.

Subiri jeraha litulie

Kosa kubwa kuliko yote ni kupiga hesabu mapema. Wiki ya pili baada ya ajali hakuna anayejua mguu utaunga vipi. Daktari mwenyewe hajui. Ukisaini siku hiyo, umeuza kitu ambacho hujakiona.

Muulize daktari swali hili, kwa mkalimani kama Kiarabu ni shida: "Hali yangu imeshatulia, au bado inabadilika?" Akisema bado, jibu lako kwa mandubu ni moja: "Nangoja ripoti ya mwisho." Ripoti hiyo iseme kilichoumia, asilimia ya ulemavu uliobaki, na matibabu yanayohitajika mbele. Ripoti isiyo na asilimia mrudishie daktari, muombe aiandike.

Lakini kusubiri siyo kulala. Madai ya kazi yana muda wake. Sheria za kazi za Omani zimezoea ukomo wa mwaka mmoja. Peleka malalamiko Wizara ya Kazi mapema hata kama ripoti ya mwisho haijatoka. Madai ya mfanyakazi hayalipiwi ada ya mahakama, kwa hiyo usiogope hela ya kufungua.

Karatasi za kushika

Ziweke kwenye bahasha moja, upige picha zote na kumtumia mtu unayemwamini nyumbani:

- Ripoti ya polisi, kama kuna gari.
- Karatasi zote za hospitali, tangu siku ya kwanza, pamoja na eksirei.
- Risiti, hata ya riali mbili.
- Mkataba wa kazi, bataka, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia.
- Picha za jeraha kila wiki, na picha za mahali pa ajali.
- Majina na namba za simu za waliokuwepo. Vibarua wanahamishwa kambi; leo yuko Qalhat, kesho yuko Duqm.

Karatasi ikija mezani

Neno la kuangalia ni tanazul. Maana yake kuachia haki. Ukiliona au ukilisikia, simamisha kalamu. Uliza: ninaachia haki gani, kwa nani? Kumsamehe dereva asifungwe ni jambo moja, na ni jambo jema kama moyo wako unataka. Kuachia fidia ni jambo jingine. Karatasi moja inaweza kubeba yote mawili kwa mstari mmoja.

Msisaini Kiarabu msichokisoma. Hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa mataifa mengine hawana: Sur, Ibra na vijiji vya Sharqiyah vimejaa wazee na kina mama waliozaliwa au kulelewa Zanzibar na Bara, Kiswahili chao kimenyooka kuliko chetu. Ukimwendea mzee msikitini au dukani ukamwambia, "Shikamoo mzee, naomba unisomee karatasi hii", wengi hawatakukatalia. Hiyo ni ya kukufungua macho. Kwa kesi yenyewe tumia mtafsiri anayetambuliwa na mahakama.

Na usipokee fidia mkononi kwa mandubu. Iingie benki, akaunti yako. Pesa ya mkononi haina kumbukumbu, na karatasi inaweza kusema umepokea 2,000 wakati umepewa 1,200.

Pesa ikiingia

Mwisho turudi kwenye kazi yetu ya kila siku. Fidia siyo mshahara wa bahati. Ni mwili wako umegeuzwa hela, na hautalipwa mara ya pili. Kabla ya kumwambia yeyote nyumbani kiasi, toa kwanza fungu la nne: ile 350 ya operesheni iweke mahali ambapo hata wewe huwezi kuitoa kirahisi. Halafu lipa deni la wakala aliyekuleta, kama lipo. Kinachobaki kitume kwa mafungu, kila fungu na kazi yake, na siyo yote kwa mtu mmoja siku moja. Ukituma, linganisha shilingi zitakazofika mkononi nyumbani, siyo ada peke yake.

Kazi ya nyumbani kwa kila msomaji, mzima na mgonjwa: leo usiku fungua daftari, chora ule mstari wa katikati. Kushoto andika tarehe uliyoanza kazi, mshahara wa msingi na siku za likizo unazodai. Kulia acha wazi, na tunaomba Mungu ubaki wazi hivyo hivyo. Lakini siku ambayo mandubu atakuja na bahasha, uwe na ukurasa wa kumwonyesha.